Huruma Isiyomfunga Mgonjwa Kitandani



Wiki hii tumekusudia kuzungumza juu ya jambo linalofanywa majumbani mwetu kwa nia njema, kisha likaleta madhara: kumlaza mgonjwa wa saratani baada ya matibabu, tukidhani kwamba kadiri anavyotulia ndivyo anavyopona.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita dada yetu mkubwa alipasuliwa titi kwa ajili ya saratani, na tezi za kwapani zikaondolewa. Aliporudi nyumbani tulimtandikia kitanda sebuleni, tukamwekea msichana wa kazi, tukaificha mbuzi ya nazi asiione. Akijaribu kuinuka kujimiminia chai, sote tulimkemea: “Dada, tulia!” Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nasi hatukumwuliza uji wala lolote jingine.

Mwezi wa tatu tuliingia chumbani kwake akianza kusali, tukamwona akipiga takbira kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umekakamaa begani na umevimba kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Buibui alivishwa, nywele alichanwa, na mjukuu wake alimtazama tu bila ya kumbeba. Alipotoa salamu alituambia, “Ndugu yangu, maradhi wameyatoa, lakini na mkono wangu umekwenda nayo.”

Tulipolifungua faili lake tulikuta karatasi ya mazoezi aliyopewa hospitalini, kwa Kiingereza, wala hakuna aliyeisoma. Alikuwa ameandikiwa pia arudi kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Hakurudi, kwa kuwa alimkuta ni kijana wa kiume, akaona haya kufunua kifua mbele yake, na akaona haya zaidi kutueleza sisi.

Wasomaji wetu, na tufahamu linalotokea. Kidonda kinapopona, ngozi na misuli ya kifuani na kwapani hujivuta, na kiungo kisichotumiwa hukakamaa. Tezi za kwapani nazo ni mfano wa michirizi ipitishayo maji ya mwili. Zikiondolewa, au zikichomwa kwa mionzi, huenda maji yakakosa njia na mkono ukavimba, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka. Uvimbe ukiwahiwa mapema hudhibitika. Ukiachwa, mkono huwa mgumu na mzito. Ama ule uchovu wa dawa za saratani, ambao usingizi hauuondoi, wataalamu wa mataifa mbalimbali walitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mazoezi ya kadiri, kama kutembea kwa dakika 30 mara tatu kwa wiki, huupunguza, na hupunguza hofu na huzuni pia. Anayeanza na dakika tano za kwenda na kurudi uani ameanza.

Twajua mtasema: wataalamu hao wako wapi? Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wasiofika 10 wa kazi hii kwa kila watu milioni moja. Mama atokaye Faza huvuka bahari hadi Mokowe, kisha hupanda basi hadi Mombasa. Hawezi kufanya safari hiyo mara mbili kwa wiki. Basi ile mara moja anayofika isipotee. Afuatane na binti yake au mkwewe, aombe afundishwe kwa Kiswahili, ayafanye mazoezi mbele ya mtaalamu mpaka asahihishwe, na kwa ruhusa yake yarekodiwe kwa simu.

Nyumbani hakuhitajiki mashine. Siku za mwanzo, mgonjwa hufumba na kufumbua kiganja, hukunja na kukunjua kiwiko, na huzungusha mabega polepole. Mrija wa kutolea maji ukishaondolewa na daktari akishampa ruhusa, husimama karibu na ukuta na kuvipandisha vidole kidogo kidogo, kama kaa apandaye mwamba. Mtieni alama ya chaki pale alipofika, ili kesho aione hatua yake. Hulala chali pia, akashika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, mkono mzima ukiuinua mwenziwe. Avutike, lakini asiumie. Na aendelee kwa miezi, hasa aliyechomwa mionzi.

Hapa pana onyo kwa sisi watu wa pwani tupendao kuchua. Mkono uliovimba usikandwe kwa maji ya moto, usichuliwe kwa nguvu, wala usifungwe leso kwa kukazwa. Kuna namna yake ya kuupapasa na kuufunga bendeji, nayo hufundishwa na mtaalamu. Mgonjwa aulinde mkono huo na mafuta ya moto, mikato na bangili zinazobana, na ajiepushe na piko jeusi lenye kemikali, ambalo huunguza ngozi. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, homa ikipanda, au uvimbe ukija ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo. Na ambaye saratani imemfika mifupani, au anayepatwa na kizunguzungu au kukosa pumzi, asianze zoezi lolote kabla ya kumwuliza daktari.

Imebaki haya, ambayo ni pambo la muumini. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na tiba ya viungo ni tiba. Mwanamke aombe kwanza mtaalamu wa kike. Asipopatikana, sharia yaruhusu atibiwe na mwanamume mwaminifu kwa kadiri ya haja, pafunuliwe panapohitajika tu, na maharimu wake au mumewe awepo. Kwa hivyo waume na ndugu wa kiume, msingoje kuombwa. Ulizeni, kisha fuatana nao. Na asiyeweza kuinua mkono katika takbira sala yake ni sahihi, kwani kuinua mikono ni sunna. Lakini tusiichukue ruhusa hiyo tukauacha mkono ufe.

Dada yetu tulimrudisha hospitali, tukaomba mtaalamu wa kike, tukangoja wiki tatu akapatikana. Hatutawaficha: kuchelewa kuna gharama yake. Mkono huvimba hadi leo anapofanya kazi nyingi, na bado hafiki kwenye rafu ya juu ya kabati. Lakini sasa anajichana mwenyewe, na mjukuu amebebwa, ingawa siku hizi amekuwa mzito na hataki tena kubebwa. Ukutani mwa chumba chake zimo alama za chaki, ya kwanza usawa wa kifua, ya mwisho juu ya kichwa chake. Tulipotaka kupaka rangi nyumba kabla ya Ramadhani alitukataza kuzifuta.

Mwenye mgonjwa nyumbani, leo hii amwulize analoweza kulifanya mwenyewe, kisha amwachie alifanye, japo ni kujimiminia chai.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape nguvu wanaowauguza, na utujaalie huruma yenye busara. Amin.

Wabillahi tawfiq.