Butembo: Wateja wa tovuti wako sokoni, si kwenye milango ya mashirika

Katika mji wa Butembo, jimboni Kivu Kaskazini, kuna vijana waliojifunza kutengeneza tovuti na sasa wanataka kuishi kwa kazi hiyo. Wengine ni wenyeji, wengine ni wahami waliotoka kusini mwa Lubero baada ya Kanyabayonga na Kirumba kuangukia mikononi mwa M23 mwisho wa Juni 2024. Wanafungua ofisi ndani ya chumba cha kupanga, wanachapisha kadi, wanaweka tangazo kwenye Facebook. Kiisha wanasubiri. Mwezi unapita, wa pili unapita, mwenye nyumba anakuja kudai kodi, na mteja haonekani.

Wengi wao wanasema kosa ni la mji: eti wafanyabiashara wa Butembo hawajui faida ya intaneti. Neno hilo si kweli. Mtu anayeagiza mali Dubai na Guangzhou, anayefuata kontena yake toka Mombasa hadi Kasindi kwa simu tu, hana haja ya kufundishwa faida ya habari. Kosa liko pengine. Vijana wanatafuta mteja mahali asipokaa.

Wanamtafuta kwenye mashirika ya misaada. Kila tangazo la zabuni wanalikimbilia, wanaandika kurasa 20, wanapeleka bahasha, na kazi inapewa kampuni ya Kinshasa, Kampala au Nairobi. Hata yule anayebahatika hapati msingi wa kudumu. Butembo iliona jambo hilo kwa macho. Wakati wa ugonjwa wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, magari ya mashirika yalijaa barabarani na vijana wengi wakapata kazi. Ebola ilipokwisha, magari yaliondoka, na kazi ikaondoka nayo. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya Congo ikakwama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wazee walisema. Biashara inayongojea msaada nayo ni mhami: siku yoyote inaweza kuamka haina pa kulala.

Mteja wa kweli yuko karibu. Ni shule ya sekondari ambayo kila mwisho wa Agosti wazazi wanajaa kwenye mlango wake kuuliza karo, sare na tarehe ya kuandikisha. Ni nyumba ya wageni ambayo msafiri anayetoka Kasindi haijui. Ni ushirika wa kakao wa Beni ambao mnunuzi wa ng'ambo anataka kuona kwanza ni akina nani, wanalima wapi, wanakausha namna gani. Ni duka la vipuri vya pikipiki ambalo wateja wa Lubero wanapanda barabara mbovu kulifikia, kumbe kipuri kimekwisha tangu juma lililopita. Hao wote wanapoteza pesa kwa sababu habari yao haipatikani.

Ila hakuna hata mmoja kati yao anayeamka asubuhi akisema: leo nataka tovuti. Hapo ndipo vijana wanashindwa. Wanaingia dukani na maneno ya masomo, wanaeleza programu na lugha za kompyuta, na mwenye duka anatazama saa. Angeulizwa tu: "Papa, juma hili ni watu wangapi walikupigia simu kuuliza bei, kiisha hawakuja?" angeanza kuhesabu mwenyewe. Auzaye dawa huanza kwa kuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Tena mteja wa kwanza hapatikani kwa kadi. Anapatikana kwa kazi iliyoonekana. Kijana mwenye tovuti moja ya shule ya mtaa wake, inayofunguka upesi kwenye simu ndogo na isiyokula mega za mzazi kwa picha nzito, ana ushuhuda kuliko mwenye diploma tatu ukutani. Mkuu wa shule ya pili atauliza nani aliifanya ile ya kwanza. Ndivyo fundi cherehani na fundi seremala wanavyopata wateja hapa, na fundi wa tovuti hana njia nyingine.

Hata hivyo lawama si ya vijana peke yao. Kuna wakubwa wa mji wanaolipa dola nyingi Kampala kwa kazi ambayo kijana wa mtaa anaiweza, lakini kijana huyo akifika wanamwambia: "Wewe ni mtoto wetu, tufanyie tu, Mungu atakulipa." Hawamwambii hivyo mwenye kuuza saruji. Mtoto wetu naye analipa kodi, ananunua mega na kuchaji kompyuta. Anayependa maendeleo ya Butembo aanze kwa kulipa kazi ya Butembo. Na kijana asione haya kudai nusu ya malipo mbele, na mapatano yaandikwe kwenye karatasi.

Uaminifu unadaiwa pande zote mbili. Jina la tovuti, liwe la .cd au la .com, linalipiwa kila mwaka, na mteja anapaswa kuambiwa hivyo tangu siku ya kwanza. Jina hilo liandikwe kwa mteja, si kwa fundi. Fundi anayelishika jina la mwenzake ili amfunge kwake ni kama fundi wa nyumba anayeondoka na ufunguo. Ubaya wake mmoja unafunga milango ya wenzake kumi.

Kuna pia neno la vitambulisho vya kazi. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance inasema kwamba, kwa kawaida, kazi ambazo kampuni kubwa zinatoa nje ni za kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Ni haki nzuri, lakini asiye na RCCM wala namba ya kodi hawezi kuidai. Vijana watatu au wanne waungane, wagawane gharama za kujiandikisha, waingie mjini kama kampuni moja.

Kwa familia za wahami, jambo hili si dogo. Mkulima aliyekimbia ameacha shamba lake nyuma, na jembe halina kazi katika chumba cha kupanga. Kijana mwenye ufundi wa tovuti anakimbia na kazi yake kichwani. Akipata wateja wanne wanaolipa vizuri, nyumba inakula bila kungojea orodha ya msaada. Lakini wateja hao hawatamfuata kwenye Facebook. Atoke asubuhi, aende sokoni, aulize, asikilize. Na wenye maduka, wakuu wa shule na wakubwa wa mji wamfungulie mlango, kiisha wamlipe.