Kamera Usoni mwa Dereva



Mwezi huu tumeletewa malalamiko ambayo wazee wa chama hawakupata kuyasikia zamani. Si ya mshahara wala ya likizo. Ni ya kisanduku kidogo kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele cha lori, chenye macho mawili. Jicho moja latazama barabara. La pili lamtazama dereva usoni.

Dereva mmoja wa malori ya kontena alitusimulia hivi. Alisimamisha gari usiku huko Mtito Andei, akaoga kwa maji ya ndoo, kisha akapanda kabini kubadili nguo apate kulala. Baada ya siku chache alifika afisini kuchukua karatasi za safari, akawakuta makarani wanacheka. Mmoja akamwuliza kama angependa wamchangie anunue fulana nyingine, maana ile ya usiku ule imetoboka mgongoni. Mtu huyu ana wajukuu. Hakugonga mtu, hakulala barabarani, hakuvunja sheria yo yote. Lakini alivuliwa nguo mbele ya vijana, naye akanyamaza, kwa kuwa ni kazi.

Kwanza tueleze kifaa hiki hufanya nini, ili mtu asibishane na jambo asilolijua. Jicho la ndani laweza kuona hata gizani. Mashine hupima kope zikifumba, kichwa kikiinama, mtu akipiga miayo, akishika simu au sigara, au akiwa hakufunga mkanda. Ikiona neno hulia, na kipande cha picha huruka kwa njia ya simu mpaka afisini. Huko dereva huandikiwa alama, kama mtoto wa shule. Na mashine hukosea. Mtu akijikuna sikio huweza kuhesabiwa kuwa anapiga simu. Mwaka 2021 madereva wa magari ya kupeleka vifurushi vya Amazon huko Marekani walilalamika kwamba wakitazama kioo cha pembeni, jambo ambalo kila dereva mwema hulifanya, waliandikiwa kuwa hawaangalii barabara.

Matajiri wana sababu yao, nasi tuitaje kwa haki. Barabara zetu zinaua. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017 twaukumbuka sote: basi na lori ziligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Hata katika reli tuna mfano. Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth, California, treni ya abiria ilipita ishara nyekundu ikagongana uso kwa uso na treni ya mizigo, wakafa watu 25. Wachunguzi walikuta kwamba dereva wa treni ya abiria alikuwa akiandika ujumbe wa simu. Chama hakimtetei mtu wa namna hiyo. Anayeendesha huku amelewa au akicheza na simu ni hatari kwetu na kwa watoto wetu.

Lakini twauliza: dereva akisinzia, ni nani aliyemnyima usingizi? Sheria ya Barabara ya Kenya, kifungu cha 66A, yakataza kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 kwa jumla katika saa 24. Kutoka Mombasa mpaka Malaba ni zaidi ya kilometa 900, na ndani yake mna mizani, polisi, foleni na vilima. Hesabu saa zake wewe mwenyewe. Kisha mkubwa wa kazi apiga simu: "Mzigo ufike kesho asubuhi." Kamera itapiga picha ya kope za dereva zinazofumba. Haitapiga picha ya mkono ulioshika simu ya afisini. Utotoni tulifundishwa kwamba Mwenyezi Mungu huona kila kitu. Lakini Yeye humwona tajiri pia. Jicho hili humwona dereva peke yake.

Tena kabini si karakana. Kwa dereva wa safari ndefu ni chumba chake cha kulala, ni jiko lake, ni mahali pa kusali, na ni pahali anapozungumza na mkewe kwa simu juu ya karo na mtoto mgonjwa. Mwaka 2020, wakati wa kupimwa Korona, madereva walikwama siku nyingi katika foleni ya Malaba, na kabini ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Mtu mwenye haki ya kutazama kazi yako hana haki ya kutazama kitanda chako.

Wazee wetu walivaa kipande. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la tajiri, siku ya kuanza kazi na mshahara. Tajiri ndiye aliyeandika. Mwenye kukibeba hakuwa na ruhusa ya kuongeza hata neno moja. Hatusemi kwamba kamera ni kipande. Twasema kwamba habari za mfanyakazi zikiandikwa na upande mmoja, zikawekwa na upande mmoja na kusomwa na upande mmoja, mwisho wake twaujua.

Leo, kinyume cha siku zile, tuna sheria ya kushika mkononi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, yaani mambo yake yasichunguzwe bila sababu. Kifungu cha 41 chatupa haki ya kutendewa haki kazini, kujiunga na chama na kupatana na tajiri kwa pamoja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema mtu aambiwe habari zake zachukuliwa kwa kazi gani, aweze kuziona, na aweze kutaka makosa yasahihishwe. Yasema pia kwamba mtu asihukumiwe jambo zito kwa uamuzi wa mashine peke yake. Wengine watatuonyesha karatasi iliyotiwa sahihi na dereva. Sahihi iliyotiwa huku mtu anaambiwa "tia au nenda nyumbani" ni hofu iliyoandikwa kwa wino, si ridhaa.

Wengine watasema, sisi watu wa reli yatuhusu nini mambo ya malori? Yatuhusu. Kontena inayoshushwa na treni hupakiwa kwenye lori, na kinachomkuta wa kwanza humfikia wa pili. Huko Marekani kampuni ya reli ya BNSF ilikuwa ikichukua alama za vidole vya madereva wa malori kwenye mageti ya yadi zake katika jimbo la Illinois. Sheria ya jimbo hilo, ya mwaka 2008, yataka mtu aambiwe kwanza na atoe kibali kwa maandishi. Madereva wakashtaki. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama mjini Chicago likaona kwamba sheria imevunjwa mara 45,600, na kampuni ikaamriwa kulipa dola milioni 228. Baadaye hakimu alikitengua kiasi hicho, na mambo yakamalizika kwa mapatano ya dola milioni 75. Ile ilikuwa habari ya vidole, hii ni ya uso, lakini fundisho ni moja. Na mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kuweka kamera ndani ya injini za treni za abiria. Aliye ndani ya injini asimcheke aliye ndani ya lori.

Kwa hiyo hatusemi kamera zote zing'olewe. Jicho linalotazama barabara limewaokoa madereva wengi waliosingiziwa ajali. Tunalotaka ni kwamba jicho la ndani lisiingie kabini kabla halijaingia katika mkataba. Madai yetu ni haya:

1. Kamera ya kumtazama dereva isiwekwe kabla ya kushauriana na chama na kuandikwa katika mkataba wa kazi.

2. Gari likisimama na dereva akipumzika, jicho la ndani lizimwe au lifunikwe. Sauti isichukuliwe kamwe.

3. Picha ziwekwe za ajali na za hatari tu. Majina ya wanaoruhusiwa kuzitazama yajulikane, na siku ya kuzifuta ijulikane. Karani anayezifanyia mchezo aadhibiwe kama mtu mwingine ye yote aliyekosa kazini.

4. Dereva asiadhibiwe kabla ya kuiona picha mwenyewe, pamoja na mwakilishi wake wa chama, na kujieleza.

5. Picha ya dereva aliyesinzia ikifunguliwa, na daftari la saa zake lifunguliwe siku hiyo hiyo: aliendesha saa ngapi, alilala saa ngapi, na ni nani aliyemtuma.

Dai hili la tano ndilo lenye uzito kuliko yote. Tajiri anayetaka usalama wa kweli hatalikataa. Akilikataa, tutajua kwamba alichotaka si usalama.

Mpaka hapo, twawashauri ndugu madereva. Usiivunje kamera wala usiipake gundi kwa hasira, maana utampa mwenzako wa afisini sababu anayoitafuta. Andika tarehe iliyowekwa, na jina la aliyekuambia. Uliza kwa barua picha zako zawekwa wapi na kwa muda gani, na nakala ya barua hiyo iletwe katika tawi. Ukiitwa kuadhibiwa usiende peke yako. Barua ya mtu mmoja hutupwa kapuni. Barua mia moja zenye swali moja hujibiwa.

Yule mzee wa Mtito Andei bado yuko barabarani. Alituambia kwamba siku hizi hubadili nguo nje, nyuma ya tela, gizani, kwenye umande. Mtu aliyelipeleka gari la watu salama miaka mingi hastahili kujificha nyuma yake. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ufa huu tuuzibe sasa, kwa pamoja.