Mkalimani Si Aibu

Pale bwenini tunapotazama gofu siku za Jumapili, kila Hideki Matsuyama anapohojiwa lazima mtu aulize: miaka yote hii anacheza Marekani, mbona bado anasema kwa mkalimani? Swali huulizwa kwa kicheko, lakini ndani yake mna hukumu kwamba asiyejieleza kwa Kiingereza ana upungufu. Mimi naikataa hukumu hiyo, na naikataa humu gazetini kwa sababu inatugusa sisi wanaklabu.

Tuanze na kazi yake, maana ndiyo iliyomleta huku. Matsuyama alizaliwa mwaka 1992 katika mji wa Matsuyama, kisiwani Shikoku, na baba yake ndiye aliyemfundisha gofu tangu akiwa na miaka 4. Mwaka 2010, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tohoku Fukushi mjini Sendai, alishinda ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Asia, na ushindi huo ukampa nafasi katika mashindano ya Masters kule Augusta, jimbo la Georgia. Machi 11, 2011, wiki chache kabla ya safari, tetemeko la ardhi na tsunami vikalipiga eneo la Sendai. Yeye alikuwa mazoezini Australia. Aliporudi na kuona maafa yale, alisita: ataendaje kucheza huku watu wanazika? Barua za watu waliomtaka aende ndizo zilizompa moyo. Akaenda, na akamaliza akiwa wa kwanza miongoni mwa wachezaji wa ridhaa.

Mwaka 2013 aliingia katika gofu ya kulipwa, na mwaka huohuo akaongoza kwa mapato katika mashindano ya Japani. Mwaka 2014 alishinda Memorial, ushindi wake wa kwanza katika mfululizo wa PGA wa Marekani. Kisha, Aprili 2021, akarudi Augusta na kushinda Masters kwa tofauti ya pigo 1 tu mbele ya Will Zalatoris, ingawa siku ya mwisho mpira wake uliingia majini kwenye shimo la 15. Hisako Higuchi, mwanamke, alikuwa ameshaipatia Japani taji kubwa tangu 1977, lakini kwa upande wa wanaume Matsuyama ndiye wa kwanza. Baadaye akapata medali ya shaba katika Olimpiki ya Paris 2024, na Januari 2025, huko Hawaii, akamaliza mapigo 35 chini ya kiwango cha uwanja, rekodi mpya ya PGA kwa mashindano ya raundi 4.

Siku ile alipovishwa koti la kijani, aliongea Kijapani, na mkalimani wake wa miaka mingi, Bob Turner, akatafsiri. Sioni ni nani aliyepunjwa. Wajapani walimsikia bingwa wao kwa lugha yao, na Wamarekani wakapata maana kwa lugha yao.

Wapo wanaoliona jambo hili kwa namna nyingine. Mwaka 2008 chama cha gofu ya wanawake cha Marekani, LPGA, kilitangaza kwamba mchezaji wa kigeni mwenye uanachama wa miaka 2 atakayeshindwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza atasimamishwa. Hoja yao ilikuwa wadhamini na watazamaji: hao ndio wanaolipa, na wanataka kuongea na wachezaji. Lawama zilikuwa nyingi, na baada ya muda mfupi adhabu hiyo ikafutwa. Hata hivyo hoja yenyewe si ya kipuuzi. Mchezaji anayezungumza lugha ya watazamaji huwa karibu nao zaidi. Nakubali pia kwamba Matsuyama ana uwezo wa kumlipa mkalimani, nasi hatuna. Mwanafunzi asitumie jina lake kukwepa kujifunza Kiingereza. Mtihani haumsubiri mkalimani.

Lakini kuna mahali ambapo sisi ndio wenyeji, na masharti tunayaweka sisi wenyewe. Muhula uliopita tulimwalika bibi mmoja wa Kizanzibari anayeishi na wanawe hapa mjini, aje atueleze ususi wa mikeka. Tukamwomba aseme Kiingereza ili wote waelewe. Alisimama dakika kumi hivi, akasema sentensi fupifupi, akaomba radhi mara mbili, akaketi. Baadaye, kwenye chai, akina sisi wachache tulimzunguka na kumwamkia shikamoo. Hapo akafunguka kwa Kiswahili karibu saa nzima: namna ya kuchagua ukindu, kuuchemsha na rangi, na mzaha wa wanawake wanaposuka pamoja barazani. Ukumbi ulikuwa umeshatawanyika. Waliotaka "kuelewa" ndio waliokosa.

Kosa lile ni letu. Klabu ya Kiswahili ilimtaka mzee aache Kiswahili mlangoni, naye kwa adabu yake akatii.

Napendekeza hivi: kuanzia muhula ujao mgeni wetu aseme Kiswahili, na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wapokezane kutafsiri. Watakosea, ndiyo, na mgeni atacheka, nasi tutacheka pamoja naye. Lakini watajifunza kusikiliza kwa namna ambayo kitabu hakiwezi kuwafundisha. Nanyi walimu wetu, tunawaomba mlihesabu zoezi hilo katika alama za mazungumzo. Bibi yule amekubali kuja tena. Mimi najitolea kuwa mkalimani wake wa kwanza. Nani atakuwa wa pili?