Ndege wa Sitalike na Maji ya Katuma

Familia nyingi zipangapo likizo huelekeza macho Pwani. Sisi tunaipendekeza Sitalike, kijiji kilichoko kusini mwa mji wa Mpanda, kando ya Mto Katuma, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hapo mtu hupanga chumba au husimamisha hema. Nguo nyeusi na za buluu ziachwe nyumbani, kwani mbung'o huzifuata. Baada ya Swala ya Alfajiri, kabla chai haijachemka, yangeyange na korongo wamekwisha kushuka mtoni, na furukombe analia mtini. Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1974, ina aina zaidi ya 400 za ndege.

Wote hao wanaishi kwa maji ya Katuma. Wakati wa kiangazi mto hubaki vidimbwi, viboko wakisongamana matopeni. Huko juu, mifereji ya mashamba ya mpunga imekwisha kuyachepusha maji. Wali huo tunaula sote, basi mkulima asilaumiwe peke yake. Mtoto akiuliza mto umekwenda wapi, aelezwe kweli yote.

Magharibi ikiingia, watoto waondolewe ukingoni: viboko hupanda kula majani.