Chimba Hadi Mzizi wa Hatimiliki: Nasaha kwa Wanunuzi na Mawakala Wapya wa Ardhi Eldoret

Tangu Eldoret itangazwe jiji tarehe 15 Agosti 2024, biashara ya ploti imepamba moto. Ukitoka mjini kuelekea Kapseret, Moiben au Turbo, unakutana na mabango ya mauzo yaliyosimikwa katikati ya mahindi, na mashamba yaliyolisha nchi kwa miongo mingi yanakatwa vipande vya futi 50 kwa 100. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa soko, wanariadha wanaorejea na zawadi za mbio za ng'ambo, na jamaa zetu walioko Marekani na Ghuba, wote wanataka kipande. Pamoja nao wamezuka vijana wanaojiita mawakala, ambao mtaji wao ni simu na pikipiki. Sina ugomvi na mnunuzi wala na kijana huyo, kwa kuwa mji hukua kwa watu wanaothubutu. Ninalotaka kuwashauri ni jambo moja, nami nitalitetea kwa hoja: anayenunua ardhi Eldoret ananunua pamoja nayo kila tendo lililofanyiwa ardhi hiyo, halali na haramu, na asiyefuatilia matendo hayo hadi mwanzo wake hajui alichonunua hata kama ameshika hatimiliki mkononi.

Matendo hayo ni mengi. Mji huu ulianzia kwenye shamba ambalo serikali ya kikoloni ililipa nambari 64, ukakua katikati ya mashamba makubwa waliyopewa walowezi, Makaburu wa mwaka 1908 wakiwemo, katika ardhi waliyonyang'anywa wenyeji. Baada ya uhuru, mashamba hayo yalinunuliwa na watu binafsi, vyama vya ushirika na kampuni za ununuzi wa ardhi ambamo wanachama walichanga fedha wakapewa shea. Mara nyingi mwanachama alionyeshwa sehemu yake shambani miaka mingi kabla ya hatimiliki kutoka. Katika kipindi hicho wapo waliouza shea kwa karatasi ya makubaliano tu, na wapo waliofariki bila kuacha maandishi yoyote. Baadaye mashamba ya miwati ya kampuni ya EATEC nayo yakagawanywa na kuuzwa. Ploti ndogo ya leo, yenye ua mpya na lango la chuma, huenda imepita katika mikono hiyo yote, na kila mkono uliweza kuacha dosari.

Wengi hujibu kwamba serikali ikishatoa hatimiliki mambo yamekwisha. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinaitambua hatimiliki kuwa ushahidi wa umiliki, lakini kinaruhusu ipingwe ikiwa ilipatikana kwa ulaghai ambao mwenyewe alihusika nao, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Katika sababu hizi za mwisho si lazima mnunuzi awe ameshiriki uovu wowote, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa Eldoret ilieleza hivyo waziwazi mwaka 2013. Miaka 10 baadaye, tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliifunga hoja hiyo katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Ploti iliyogombaniwa, iliyoko Nyali, iligawiwa mara ya kwanza mwaka 1989, ikauzwa, kisha Dina ikainunua mwaka 2006. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Majaji waliona kwamba eneo hilo lilikuwa ardhi ya umma ambayo haikugawiwa kwa utaratibu wa sheria tangu mwanzo, hivyo hapakuwa na haki ambayo mnunuzi wa baadaye angeweza kupokea. Walitegemea Kifungu cha 40(6) cha Katiba, ambacho hakilindi mali iliyopatikana isivyo halali. Kampuni ilikuwa na hatimiliki, ilikuwa imelipa, na ilikuwa imekaa hapo zaidi ya miaka 10.

Basi mnunuzi afanye nini? Aanze na sachi rasmi katika afisi ya ardhi, lakini aisome badala ya kuitazama tu. Sajili ina sehemu 3: ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe na ukubwa wake, ya pili inamtaja mwenyewe, ya tatu inaonyesha mizigo kama vile rehani ya benki, tahadhari au zuio la mahakama. Wanunuzi wengi huangalia jina katika sehemu ya pili, wakakunja karatasi na kwenda kulipa. Isitoshe, sachi huonyesha hali ya siku ile tu. Historia iko katika kile tunachokiita kadi ya kijani, ambapo kila ingizo lina nambari, tarehe, jina la aliyepokea ardhi na saini ya msajili. Omba nakala, uifuatilie mstari kwa mstari kurudi nyuma. Ukiona shamba limehamishwa mara 3 katika mwaka mmoja, au jina la mtu aliyekwisha kufa likionekana limetia saini ya kuuza, simama hapo. Kisha mpeleke mpima ardhi aliyesajiliwa akayatafute mawe ya mpaka kwa kufuata ramani ya serikali, maana wapo walioonyeshwa ploti moja wakauziwa nyingine. Zungumza na majirani. Na ikiwa ploti inapakana na mto Sosiani au kijito chochote, kumbuka kwamba kanuni za mazingira hutenga ukingo wa mita 6 hadi 30 ambao huwezi kuujenga, hata kama muuzaji ameupima na kuutia ndani ya bei.

Hatari kubwa zaidi huku kwetu, kwa maoni yangu, haitokani na matapeli wanaoghushi vyeti. Inatokana na watu waaminifu wanaouza wasichokuwa na mamlaka ya kukiuza. Shamba bado liko kwa jina la baba aliyefariki, na mwana mmoja anauza eka moja alipe karo. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi, kwa hiyo hata ndugu wote wakikubali mdomoni, mauzo hayo hayana miguu. Mume anauza shamba la familia bila idhini ya mkewe, ilhali Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inaitaka idhini hiyo. Ardhi ya kilimo inauzwa na kugawanywa bila kufika mbele ya bodi ya ardhi, wakati Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, la sivyo mauzo ni batili na mnunuzi anabaki na haki ya kudai fedha alizolipa tu. Hebu fikiria mtu aliyelipa miaka 12 iliyopita akirudishiwa kiasi kile kile leo! Ni kweli kwamba mahakama zimewahi kuwaokoa baadhi ya wanunuzi kwa misingi ya haki, lakini wokovu huo huja baada ya kesi ndefu, na gharama za wakili wakati mwingine hukaribia bei ya ardhi yenyewe.

Najua nitaambiwa kwamba haya yote yanachelewesha, na kwamba bei hupanda mnunuzi akiwa bado anangoja kadi ya kijani. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu hasa karibu na barabara ya mchepuko bei hazimngojei mtu. Lakini faida ya kupanda kwa bei humwendea mwenye ardhi, na swali letu ni kama wewe utakuwa mwenye ardhi. Wengine watalalamikia gharama. Ploti ya shilingi milioni 2 mjini hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani shilingi 80,000, nayo hulipwa bila manung'uniko kwa kuwa ni lazima. Ada ya sachi ni ndogo sana ukiilinganisha na kiasi hicho. Anayeona uchungu kumlipa mpima ardhi na wakili wake mwenyewe, si wakili wa muuzaji, hajapiga hesabu ya anachokihatarisha. Muuzaji wa kweli huwa tayari kukungoja wiki 2 ukiweka amana kwa wakili kwa maandishi. Anayekataa kungoja amekwisha kukujibu.

Kwa mawakala nina neno zito zaidi. Sheria ya Mawakala wa Mali ya mwaka 1984 inamtaka kila anayefanya kazi hii asajiliwe na bodi yake. Najua vijana wengi watasema masharti ya usajili ni magumu na tumbo halingoji. Nawaonea huruma, lakini aliyepoteza akiba ya miaka 20 kwa ploti uliyomwonyesha naye ana tumbo. Asiye na sifa za kusajiliwa na aajiriwe na afisi iliyosajiliwa, ajifunze kazi chini yake huku akijiandaa. Na kuna kiwango ambacho hakihitaji cheti chochote: usitangaze ploti ambayo hujaiona sachi yake, usipokee amana katika simu yako, usichukue kamisheni kwa muuzaji na mnunuzi bila wote wawili kujua, na usimwambie mteja kwamba hati inatoka wiki ijayo wakati fomu ya mgawanyo haijapelekwa hata kwa mpima ardhi. Eldoret ni mji ambao habari husafiri upesi kutoka Langas hadi Kapsoya. Wakala aliyemzuia mteja kununua ploti mbovu hupoteza kamisheni moja, naye mteja huyo humletea ndugu zake wote.

Kwa hiyo wewe uliyeahidiwa ploti wiki hii, usitume fedha kwanza. Andika nambari ya ardhi kamili kama ilivyo kwenye cheti, nenda mwenyewe katika afisi ya ardhi, omba sachi na kadi ya kijani, kisha mpelekee wakili uliyemchagua wewe. Ukiwa ng'ambo, mtume mtu asiye na kamisheni katika mauzo hayo. Na wewe wakala, nenda naye.