Kijana wa uhandisi na jeni 24

Wapo wazazi ambao hawapati usingizi mtoto akisema anaacha udaktari. Leo nawaletea habari za Shinya Yamanaka, Mjapani aliyezaliwa mwaka wa 1962.

Babake alikuwa na kiwanda kidogo cha vipuri vya cherehani, na ndiye aliyemhimiza asomee udaktari. Kijana akahitimu, akaingia upasuaji wa mifupa. Masikini, mkono ulikataa! Upasuaji mdogo ambao wenzake waliumaliza kwa dakika chache ulimchukua saa nzima. Wakubwa wake wakambandika jina "Jamanaka", maana "jama" kwa Kijapani ni kizuizi.

Babake akafariki kwa ugonjwa wa ini ambao madaktari wa siku hizo hawakuwa na dawa yake. Ndipo kijana akarudi darasani kusomea utafiti. Alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1993, akaenda San Francisco, kisha akarejea Osaka ambako muda mwingi alisafisha vizimba vya panya. Akakata tamaa, karibu arudie kisu.

Kilichomwokoa ni ualimu. Mwaka wa 1999 taasisi moja ya sayansi huko Nara ilimpa maabara. Hakuwa na jina, na wanafunzi ndio huchagua mwalimu wa kumfuata. Basi akawaahidi makubwa: kutengeneza seli shina bila kugusa mimba changa. Seli shina, msomaji, ni ile ambayo bado haijachagua kazi. Yaweza kuwa ya moyo, ya neva au ya damu. Ugumu wa kazi hiyo aliujua vyema, ila hakuutaja. (Wahadhiri wetu wengine hutaja ugumu tu!)

Miongoni mwa waliokuja ni Kazutoshi Takahashi, kijana aliyetoka katika uhandisi. Nani angempokea? Yamanaka alimpokea.

Walikuwa wamechagua jeni 24. Wakazijaribu moja moja katika seli za kawaida za panya. Wapi! Takahashi akazitia zote kwa pamoja, na baadhi ya seli zikageuka kuwa kama seli shina. Lakini zipi zilizofanya kazi? Kuzipanga makundi makundi kungechukua miaka. Kijana akasema: tuondoe moja kila mara, tuone ni ipi ikikosekana mambo yanaharibika. Ni kama fundi wa redio anavyotafuta waya mbovu! Mwalimu alikiri baadaye kwamba hapo alitambua huyu ana akili kweli.

Zilibaki 4. Matokeo ya panya yalitoka mwaka wa 2006, ya binadamu mwaka wa 2007. Mwaka wa 2014, mjini Kobe, mama wa zaidi ya miaka 70 alipandikizwa jichoni seli zilizotokana na ngozi yake mwenyewe.

Tuzo ya Nobel ya 2012 walipewa Yamanaka na John Gurdon wa Uingereza. Takahashi hakuwamo, na mimi kidogo hilo liliniuma. Ila ukiifungua ripoti ile ya 2006, jina linalotangulia ni lake. La mwalimu linafuata.