Wacheni kupigania kola, ulizeni maswali

Wasee, kila video ya eksirei ya meno swali ni lile lile: "Mbona hakuvishwa kola ya risasi shingoni?" Hofu naielewa. Tezi ya thairodi iko hapo hapo kooni, na ya mtoto hudhurika na mionzi kuliko ya mtu mzima. Lakini 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilisema kola na aproni si za lazima tena: miale ya mashine za kisasa inalenga meno tu, na kinga yenyewe inaweza kuziba picha. Ikiziba, unapigwa tena. Sasa umejikinga na nini?

Mionzi mibaya ni ile ya picha isiyohitajika. Ati umehama kliniki, unapigwa upya, unalipa upya, na picha ya mwezi uliopita iko kule ulikotoka! Ndiyo, picha moja ndogo ya jino ina mionzi kidogo sana. Kidogo si ruhusa ya kurudia ovyo.

Ukikaa kwa kile kiti, uliza: Hii picha itabadilisha matibabu yangu? Mashine ina leseni ya KNRA? Nitatumiwa picha yangu kwa simu? Daktari akikasirikia maswali matatu, tafuta mwingine. Shingo ni yako.